Niliwaruhusu wenzangu wamtumie mhusika wangu, sasa bibi yangu amegeuzwa mchawi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Uyole, Mbeya, na riziki yangu naipata kwa cherehani. Usiku ninachora. Kwa miaka minne sasa nimo katika kikundi cha mashabiki wa katuni za Kijapani, na wanachama wake wametawanyika Mbeya mjini, Tukuyu, Makambako na Iringa. Kuonana ana kwa ana ni mara chache, mara ya mwisho tulikutana Mwanjelwa, lakini kila wiki tunatumiana michoro na hadithi tunazozibuni wenyewe ndani ya ulimwengu wa katuni moja ambayo sote tunaipenda, yenye chuo cha wapiganaji na nembo yake.

Humo ndimo nilimobuni mhusika wangu Sekela. Ni binti wa Kinyakyusa aliyelelewa na bibi yake, akawa mlinzi wa Ziwa Ngosi, na badala ya upanga anabeba kibuyu cha maji chenye ufa ulioshonwa kwa waya wa shaba. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kuyasikiliza maji. Watu walimpenda Sekela mno, wakawa wananiomba ruhusa ya kumchora karibu kila siku, na mimi kwa furaha nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mtumieni tu, ni wa wote, msiniombe tena. Imepita miaka miwili tangu niandike maneno hayo.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mmoja alimchora akitembea katikati ya maua ya Kitulo, mwingine akamwandikia pambano kwenye Daraja la Mungu kule Kiwira ambalo mimi mwenyewe nisingeliweza kuliandika. Halafu mambo yakabadilika. Kaka mmoja alimwoza Sekela kwa mhusika wake, na sasa kila nikimchora akiwa peke yake naulizwa mume wake yuko wapi. Kijana wa Makambako amechapisha fulana zenye sura ya Sekela, na ile nembo ya chuo cha katuni iko kifuani. Anaziuza shilingi 15,000 na jina langu halipo popote. La tatu ndilo lililoniondolea usingizi. Dada mmoja wa Iringa ameandika hadithi ndefu, na kwa kweli ameiandika vizuri, ambamo bibi yake Sekela ni mchawi mwenye macho mekundu anayewauza watoto kwa zimwi la ziwa. Mwishoni wanakijiji wanamchoma moto ndani ya nyumba yake, Sekela akiwa amesimama nje anatazama. Kundi zima lilisifu.

Shangazi, yule bibi ni bibi yangu, mzaa mama. Kibuyu kile kilikuwa chake, na waya ule wa shaba aliushona yeye mwenyewe nikiwa mtoto, nimekaa pembeni yake namshikia koleo. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, kwa moshi wa jikoni. Alifariki Tukuyu mwaka 2019. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kikundini.

Nilipoandika kwamba hadithi ile imeniumiza, kaka anayeongoza kundi alinijibu kwamba ukishatoa umetoa, na kwamba nina uchoyo wa ajabu kwa sababu mimi mwenyewe natumia ulimwengu wa mtu mwingine. Mwenzetu anayesoma chuo kikuu ananishauri niweke leseni ya Creative Commons, ile ruhusa iliyoandikwa tayari ambayo mbunifu huiweka kwenye kazi yake kuwaambia watu waitumie kwa masharti gani. Mwingine anasema nimpeleke kijana wa Makambako mahakamani. Mama ananiambia nifute kila kitu, nishone nguo za watu. Naomba unisaidie: je, ninaweza kuirudisha ruhusa niliyoitoa? Mimi ni mchoyo? Nimwondoe Sekela kikundini?

Mchoraji wa Uyole, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza bibi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nilipofika kwenye yale macho mekundu nililazimika kuiweka chini kwanza. Maswali yako nitayajibu yote, lakini nitayapanga kwa uzito ninaouona mimi, kwa sababu umeyatia mambo matatu kwenye kapu moja ilhali hayalingani.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Wewe si mchoyo. Mchoyo asingeliandika "mtumieni tu". Ruhusa yako unaweza kuibadilisha kwa kazi zote zitakazofanywa kuanzia sasa, na Sekela usimwondoe, kwa sababu waliomchora Kitulo na Kiwira hawajakukosea lolote na wewe mwenyewe unakiri kwamba walimwongezea uhai. Kosa lililofanyika, nami nalisema kwa upendo, ni kwamba uliruhusu bila kueleza unaruhusu nini, wenzako wakalijaza pengo hilo kila mmoja kwa namna yake.

Wewe ni mtu wa Uyole, kwa hiyo nitakupa mfano wa shamba. Huku kwetu, kuanzia Mbeya hadi Njombe na Iringa, mwenye ardhi asiyoweza kuilima yote humwazima jirani kipande apande viazi, na hakuna anayeona ajabu. Jirani analima, anapalilia, anavuna, anajaza magunia yake, na mavuno yale ni yake kwa haki kwa kuwa jasho ni lake. Lakini mwenye shamba akipita asubuhi moja akakuta jirani amechimba mashimo ya parachichi, au amechomeka miche ya milingoti mpakani, siku hiyo wazee wataitwa. Ruhusa ilikuwa ya kulima, na mlingoti nao ni mmea, ila kila mkulima wa nyanda hizi anajua kwamba mti hukaa miaka mingi na aliyeupanda ataanza kusema kama mwenye ardhi. Mchoro wa Sekela katikati ya maua ya Kitulo ni viazi: umevunwa, umependeza, na shamba limebaki kama lilivyokuwa. Ndoa ambayo kila mtu analazimishwa kuiheshimu ni mti. Fulana isiyo na jina lako ni mti. Hadithi inayombadilisha aliyemlea Sekela, hata kila atakayemchora baadaye awe anachora mjukuu wa mchawi, ni mti wenye mizizi mirefu kuliko yote.

Mfano huo huo unajibu swali lako la kurudisha. Mwenye shamba ana haki ya kusema kwamba msimu ujao nalichukua, au msimu ujao panda viazi peke yake. Hana haki ya kuingia usiku kung'oa viazi ambavyo mwenzake alivipanda kwa idhini yake. Kwa hiyo kazi zilizofanywa katika miaka hii miwili ziache zibaki, isipokuwa pale utakapoomba, na nimetumia neno kuomba kwa makusudi.

Sheria nayo iko karibu na desturi hii kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji na mwandishi tangu pale kazi inapokamilika mkononi mwake, bila kulazimika kuisajili mahali, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili unaofanywa na COSOTA, ambayo sasa inaitwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, unakusaidia kuthibitisha kwamba kazi ni yako panapozuka ubishi. Zaidi ya haki ya kunufaika kwa fedha, sheria inampa mbunifu haki ya kutambuliwa kwa jina na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa hiyo kauli ya kaka yako anayeongoza kundi kwamba ukishatoa umetoa haina mguu wa kusimamia. Kuruhusu watu wamtumie mhusika si kumkabidhi mtu umiliki wake.

Hata hivyo sheria hiyo hailindi wazo tupu. Binti anayelinda ziwa si mali yako, na mtu yeyote anaweza kesho kumbuni binti mwingine anayelinda Ziwa Rukwa. Kilicho chako ni Sekela jinsi ulivyomchora na kumwandika: sura yake, kile kibuyu na waya wake, maisha uliyompa, maneno unayomtia kinywani. Masimulizi ambayo wazee wa milima ya Uporoto wanayatoa juu ya Ziwa Ngosi nayo si yako wala si ya mwanachama yeyote wa kikundi chenu, na ukiyatumia uyatumie kwa adabu ya mtu aliyeyapokea.

Hapa ndipo nampa kaka yako nusu ya haki yake. Anasema wewe nawe umeazima, na ni kweli. Kile chuo cha wapiganaji na nembo yake vina mwenyewe huko Japani, na mashabiki wanaishi ndani ya ulimwengu huo kwa uvumilivu wake. Wajapani wenyewe wamelifikiria sana jambo hili. Tangu mwaka 1975 mashabiki wao hukusanyika Tokyo katika soko kubwa la vitabu wanavyojichapishia, vingi vikiwa na wahusika wa watu wengine, na wabunifu wengi huwaachia tu. Mwaka 2013 mchoraji Ken Akamatsu alishiriki kuanzisha alama maalumu ambayo mbunifu huiweka kwenye kazi yake kuwaambia mashabiki kwamba wanaruhusiwa kutengeneza vitabu vyao na kuvigawa au kuviuza siku ya onyesho. Ni mtu aliyewapenda mashabiki wake akawaazima shamba, akawaonyesha na mpaka, na hakuna aliyemwita mchoyo kwa kuonyesha mpaka. Kaka yako akikuambia kwamba umeazima, mjibu kwamba ndiyo, umeazima chuo na nembo, nawe hudai kimoja kati ya hivyo; lakini Sekela na kibuyu chake uliingia navyo kutoka nyumbani kwenu Tukuyu.

Kuna watakaokuambia kwamba wahusika wazuri ni wa watu wote, kama Sungura, kama Abunuwasi. Sungura amesimuliwa na bibi wa kila kabila, na Abunuwasi amevuka bahari na karne nyingi tangu mshairi aliyempa jina lake alipoishi Baghdad, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa. Waliokua wakisoma gazeti la Sani watawakumbuka Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambao walichorwa na mikono zaidi ya mmoja na wakabaki wao wenyewe. Tofauti ni kwamba aliyembuni Sekela yu hai, yuko Uyole, na simu yake inaita. Kumuuliza hakumchukui mtu dakika mbili.

Sasa nije kwenye mambo matatu. La ndoa nitalipita haraka. Usimkataze kaka yule kuiandika, kwa sababu mashabiki wamekuwa wakiwaoza wahusika tangu waanze kuandika, nawe huna hasara. Unachohitaji ni kusema wazi kwamba ile unayoiandika wewe ndiyo hadithi mama, na za wengine ni matawi ambayo kila mmoja anaweza kuyafuata au kuyaacha. Ukiulizwa tena mume yuko wapi, jibu kwamba yuko katika tawi la fulani, kisha endelea kuchora.

La fulana linataka uangalifu zaidi kwa sababu lina fedha. Usiende mahakamani. Utatumia nauli na siku za kazi kwa fulana ishirini au thelathini, na jambo la kwanza litakalosomwa mbele ya hakimu ni maneno yako mwenyewe kwamba Sekela ni wa wote. Kijana yule huenda aliamini kwa moyo mweupe kwamba ameruhusiwa. Mpigie simu, usimwandikie kundini mbele ya watu, umwambie kwamba ruhusa ile ulikusudia iwe ya kuchora na kuandika, kwamba biashara hukuiwaza, na kwamba unaomba asichapishe nyingine kwa sasa. Anaweza kukuahidi mgawo ili mambo yaishe. Usiupokee maadamu ile nembo iko kifuani, kwa maana siku utakapochukua shilingi moja ya fulana hiyo utakuwa nawe umefanya biashara ya kitu cha mwenye katuni, na hoja ya kaka yako itapata nguvu ambayo leo haina. Akikubali kuiondoa nembo, akabaki Sekela peke yake amesimama kando ya Ngosi, hapo kaeni mzungumze kiasi gani kwa kila fulana, jina lako liandikwe wapi, na makubaliano yawe ya idadi fulani tu ya fulana, yameandikwa na kutiwa saini na ninyi wawili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe fundi cherehani unayeandika vipimo vya kila mteja unalijua hilo kuliko mimi.

Nimekuja sasa kwa bibi.

Dada wa Iringa hakumjua. Nataka ulishike hilo kabla ya kumwandikia neno lolote. Yeye aliona mwanamke mzee wa kwenye katuni, mwenye kibuyu na macho mekundu, naye kama waandishi wengi chipukizi akachukua njia iliyo karibu. Wewe uliposoma ulimwona mtu aliyekushikisha koleo. Umbali kati ya kusoma huko kwa aina mbili ni siri uliyoitunza wewe, na huwezi kumlaumu mtu kwa kukanyaga kaburi ambalo halina hata jiwe la kuonyesha kwamba ni kaburi.

Lakini pamoja na hayo, hadithi yake nina neno nayo, na neno hili lingekuwepo hata kama bibi yule asingekuwa wako. Hapa kwetu kumwita bibi kizee mchawi hakuishii kwenye karatasi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ni wa miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni katika jiko lisilo na pa kutolea moshi. Mwandishi ana haki ya kuandika habari hiyo, na wa Nyanda za Juu ana sababu zaidi ya kuiandika. Ila katika hadithi uliyonieleza wanakijiji wamesema kweli: bibi ni mchawi, anauza watoto, moto ni haki yake, na mjukuu anatazama kama anayetazama kazi iliyokamilika. Hadithi inawapa wachomaji ushindi. Mwandishi mwenye kipaji, kama unavyosema anacho, akiambiwa hilo kwa upole anaweza kuligeuza akaandika kitu kizito zaidi, ambamo msomaji anagundua baada ya moto kwamba watoto walikuwa salama siku zote.

Mwaka 1935 nchini Marekani kijana aliyeitwa Robert Bloch, ambaye hakuwa amefikisha miaka 20, alitaka kuandika hadithi ambayo ndani yake anauawa mtu anayefanana na rafiki yake mkubwa kiumri, mwandishi H. P. Lovecraft. Wawili hao na waandishi wenzao marafiki walizoea kuazimana majina, viumbe na vitabu vya kubuni, na hakuna aliyekuwa akihesabiana. Kwa kifo hicho, hata hivyo, Bloch aliandika barua kuomba, na Lovecraft akamjibu kwa hati iliyotiwa saini kumruhusu afanye apendavyo, kisha naye akaandika hadithi yake akamuua mhusika anayefanana na Bloch. Nakueleza haya kwa sababu kaka yako anadhani kuombana ruhusa kunaharibu undugu wa kikundi. Wale waliazimana kila kitu, na bado walipofika kwenye uhai wa mtu halisi walisimama wakauliza.

Kwa hiyo mwandikie dada wa Iringa faraghani, na umwandikie kama mtu mwenye uchungu, usimwandikie kama mwenye mali. Mwambie: "Dada, hadithi yako nimeisoma yote na nimeona kipaji chako. Kuna jambo sikuwahi kulisema kikundini. Bibi yake Sekela nilimchora kutoka kwa bibi yangu aliyefariki, na kibuyu kile kilikuwa chake. Wewe hukujua, wala sikulaumu. Naomba umpe mwanamke wa hadithi yako jina jingine na kitu kingine cha kubeba mkononi, asiwe tena bibi yake Sekela. Hadithi yenyewe ni yako." Ishia hapo. Usimwombe aifute, kwa maana umemruhusu kulima na amelima. Unamwomba tu ahamishe mche mmoja. Asipokubali, utakuwa na haki ya kutangaza kikundini kwamba tawi lile hulitambui, bila kueleza sababu kwa watu usiopenda waijue. Nadhani atakubali. Watu wengi wakionyeshwa kaburi huondoa mguu.

Na wewe uamue jambo moja: bibi asiwe tena sehemu ya kile unachokiazima. Sekela waachie, ana miguu ya kwenda Kitulo, Kiwira na kokote watakakompeleka. Bibi mbakize kwako.

Kuhusu Creative Commons, mwenzenu wa chuo kikuu amekushauri kwa nia njema, lakini kwa hali yako ninasita. Leseni hizo, ambazo za kwanza zilitolewa mwishoni mwa mwaka 2002, ziko sita, na zinatofautiana kwa masharti kama kutaja jina la mbunifu, kutofanya biashara, na kutoa kazi mpya kwa masharti yale yale. Ni nzuri na zimesaidia walimu na wasanii wengi duniani. Tatizo la kwanza ni kwamba ukishaiweka kwenye kazi huwezi kuiondoa kwa wale walioipokea, maadamu wanafuata masharti. Kosa la "mtumieni tu" unaweza kulirekebisha leo, la leseni hiyo usingeliweza. La pili ni kwamba leseni hizo hazina mahali pa kuandika kwamba bibi asiguswe. Zinajua kazi, jina na biashara. Hazijui kwamba kibuyu kilishonwa na nani.

Ninachokushauri ni tangazo la maneno yako mwenyewe, lenye tarehe, lililobandikwa juu ya kundi ambapo kila anayeingia ataliona, na nakala yake uihifadhi kwenye daftari. Nimekuandikia la kuanzia, ulibadilishe upendavyo:

"Sekela wa Ngosi nimembuni na kumchora mimi. Mnakaribishwa kumchora na kumwandika bila kuniomba, katika kazi zisizouzwa, mradi mtaje jina langu kama mbunifu wake. Hadithi mama ni ile ninayoiandika mimi. Mnayoyaandika ninyi ni matawi yenu, na hakuna anayelazimika kufuata tawi la mwenzake. Niulizeni kwanza mkitaka Sekela afe, abadilishiwe asili au malezi yake, au awekwe katika mambo ya faragha ya mapenzi. Bibi yake ni wangu peke yangu, msimtumie. Fulana, vitabu au kitu chochote cha kuuza kinahitaji makubaliano ya maandishi na mimi. Ruhusa hii inaanza leo; kazi za zamani hazihesabiwi kuwa kosa. Nikitaka kuibadilisha nitawaarifu mwezi mmoja kabla."

Sharti la kuulizwa lisiwe mtego. Ukiulizwa, jibu ndani ya siku chache, na ukikataa toa sababu fupi, kwa sababu mbunifu anayekaa kimya miezi miwili huwafundisha watu kutouliza. Pia usiongeze masharti mengine kumi kwa hasira za wiki hii. Nguo za wahusika, nywele zao, wanakula nini, wanatania vipi, yaache. Tangazo refu mno hakuna atakayelisoma, na kikundi kitamwacha Sekela polepole kwa kuogopa kukosea, jambo ambalo najua litakuuma zaidi ya ile ndoa.

Mama yako msikilize kwa heshima, lakini usifute kitu. Anakuona umekonda kwa jambo lisilolipa, na mzazi ana haki ya kuogopa. Mweleze habari ya kibuyu. Nimeona kwenye barua yako kwamba hujawahi kumwambia mtu kikundini. Sijaona kama umewahi kumwambia yeye kwamba mama yake mzazi anaishi kwenye michoro yako. Pengine anadhani unachora Wajapani tu.

Kaka anayeongoza kundi mwonyeshe tangazo kabla ya kulibandika, kwa kuwa ndiye mkubwa wenu na akilipata kwanza yeye atalitetea. Usibishane naye tena kuhusu uchoyo.

Lakini anza na dada wa Iringa, leo au kesho, kabla hadithi yake haijapata sehemu ya pili. Akikujibu, naomba uniandikie alivyosema.

Shangazi yako